Chambo cha goroli kwa wolai: kimenilipa, ndoana zake hapana

Nimekulia Mwanza, sangara tukimvua kwa mshipi wa mkono, chubwi na furu hai. Kwa hiyo nilipohamia Minnesota, Marekani, nikakuta watu wazima wanatoa dola tisa kununua kisamaki cha plastiki, nilicheka. Leo ninavyo sita.

Samaki mwenye heshima huku ni walleye. Sisi wa nyumbani tumeshazoea kumwita wolai. Ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, na ukimkaanga utaelewa kwa nini.

Chambo chenyewe, yaani hicho kisamaki cha plastiki, hakina ule ulimi wa mbele unaofanya vyambo vingine vipige mbizi. Ni bapa, kamba unaifunga mgongoni, na tumboni mna goroli. Ukikiacha kinazama. Ukikivuta kinatetemeka mpaka unasikia kwenye fimbo, goroli zikilia kama kayamba.

Oktoba ya kwanza nilikwenda nacho ziwa Mille Lacs. Nikawa natupa na kuvuta, natupa na kuvuta, mkono haupumziki. Saa tatu nzima, hola. Kisha kikanasa kwenye majani. Nikakwanyua fimbo kwa hasira, kikachomoka, kikaanza kuzama tena. Kamba ikalegea kabla hakijafika chini. Nikadhani kimenasa upya, kumbe safari hii jani lina meno.

Tangu siku hiyo nakitafutia majani makusudi, yale ambayo bado ni mabichi. Nakiacha kiguse, nakwanyua, nakiacha kianguke, macho yangu yako kwenye kamba. Wolai wangu karibu wote wamekula kikiwa kinashuka. Anayekivuta mfululizo hela yake imepotea, labda awe anatafuta samaki wengine.

Kwenye barafu, ziwa likiganda tukavulia tunduni, ni hivyo hivyo, ila wima: nakiinua kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, nakiachia, halafu nakituliza kabisa. Kwenye kamera ya chini ya maji nimewaona wanakuja mbio kwa kelele, wanafika, wanakitazama. Hapo ukikitikisa tena wanageuka. Kaa kimya, ingawa vidole vinaganda.

Sasa lawama. Ndoana za kiwandani kwenye hivi nilivyonunua (kampuni siitaji) ni nyembamba mno. Moja ilinyooka kama pini, na samaki alikuwa ameshafika ubavuni mwa mtumbwi. Tena chambo chenyewe ni kizito, samaki akitikisa kichwa ule uzito unamsaidia kujichomoa. Nimebadilisha zote, nikaweka nene zaidi zenye shina fupi. Usizidishe ukubwa lakini. Nilijaribu mara moja, mtetemo ukafa, kikawa kijiko cha mbao. Na ncha ya fimbo iinamishe chini unapomleta, asipate nafasi ya kuruka.

Muda wake ni jua linapozama, au siku ya upepo maji yakiwa yamevurugika. Jicho la wolai lina utando nyuma unaorudisha mwanga, anaona vizuri gizagiza wakati vidagaa vinapapasa. Julai, maji maangavu na jua la utosi, sikitoi hata kwenye boksi. Natumia ruba hai.

Ukubwa: cha sentimita tano kwa barafu, cha saba kwa Oktoba. Cha rangi ya dhahabu, nilichokipenda kuliko vyote, kimebaki chini ya Mille Lacs. Nimeshaagiza kingine, na pakiti ya ndoana juu yake.