Reishi isiyo chungu ni uji: soma hii kabla hujanunua uyoga wa chai

Jamani mwezi wa pili nilinunua kopo la unga wa reishi kwa ajili ya mama yangu, shilingi 85,000, mama ana presha ya siku nyingi. Aliyeniuzia ni dada tunayesali naye, akaniambia Wachina wanautumia huu uyoga toka enzi na enzi, unashusha presha, unashusha sukari, unaondoa uvimbe kwenye kizazi, usingizi utalala kama mtoto mchanga. Mama akaanza, kijiko asubuhi kijiko jioni. Haijaisha wiki akanipigia, "mwanangu hii dawa yako mbona ina utamu utamu, na nikiiacha kidogo inaganda kama uji wa mchele?" Mi nikamjibu mama we kunywa tu, siku hizi wanaitengeneza vizuri. Hilo jibu linaniuma mpaka leo.

Linaniuma kwa sababu reishi ni chungu. Chungu haswa, ukimpa mtu aliyekunywa mwarobaini utotoni anakunja sura vilevile. Uchungu unatoka kwenye vitu vinaitwa triterpeni, na hivyo triterpeni ndiyo nusu ya sababu watu wanautafuta huo uyoga. Nusu nyingine ni beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi za uyoga, ambazo hazina ladha ila zinatoka kwenye maji ya moto ukichemsha muda mrefu. Sasa kama umeweka kijiko kizima kwenye kikombe na ulimi hausikii chochote, jiulize umenunua nini.

Mi nilikuja kupata jibu Kibaha kwa shangazi yangu, analima uyoga mamama kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Wanaolima wanajua, unaanza kwa kununua chupa ya mbegu. Mbegu zenyewe siyo mbegu kama za mahindi, ni punje za mtama au ngano zimechemshwa, zikapandikizwa uyoga, zikatandwa na nyuzinyuzi nyeupe kama pamba. Unazipanda kwenye mifuko ya majani ya mpunga, uyoga ukitoka unavuna kile kichwa na shina, mbegu hakuna anayezila. Nikamuuliza shangazi, hivi mtu akizikausha hizi mbegu na mtama wake humo humo akasaga akaziita unga wa uyoga itakuwaje? Shangazi akasema, "atakuwa amekuuzia mtama." Nikatoa kopo kwenye pochi nikasoma kule nyuma, maandishi madogo madogo, limeandikwa "mycelium", ndizo hizo nyuzinyuzi nyeupe, na mchele wa kahawia. Yaani nilimpelekea mama yangu mbegu za uyoga zilizosagwa, kwa elfu themanini na tano!

Kwa hiyo kwenye huu mwongozo siongelei pakiti nzuri, siongelei sijui ogani, siongelei nyota za waliotoa maoni. Naangalia kitu kimoja: ni uyoga wenyewe au ni nafaka? Kwenye lebo tafuta maneno "fruiting body", huo ndio uyoga ulioota ukavunwa. Ukikuta "mycelium" pamoja na mchele, shayiri au mtama, rudisha kopo kwenye shelfu. Na wasikubabaishe na neno polisakaridi, yaani sukari zilizoungana kama mnyororo, wanaandika kwa herufi kubwa polisakaridi asilimia kadhaa, beta-glukani ni polisakaridi ila wanga wa mchele nao ni polisakaridi! Namba inayotakiwa ni ya beta-glukani. Kama hawajaiandika mi nachukulia hawana cha kuandika.

Kama kopo unalo tayari nyumbani, lipime. Nenda duka la dawa kanunue iodini, ile ya kupaka kwenye kidonda. Chemsha kijiko cha unga kwenye maji kidogo, acha yapoe kabisa kwa sababu yakiwa ya moto rangi haishiki, chota kidogo kwenye kisahani cheupe uongeze maji iwe nyepesi, dondosha tone moja au mawili. Ikibaki kahawia au njano, wanga ni kidogo au haupo. Ikigeuka bluu nyeusi kama wino, huo ni wanga, umenunua uji. Halafu mwaga, usije ukanywa. La kwangu liligeuka jeusi kabla sijahesabu tatu. Nikachukua maji ya mchele niliopika mchana nikapima nayo nione, rangi ile ile. Na hebu fikiria kuna mgonjwa wa sukari anakunywa huo wanga asubuhi na jioni akijua anajitibu.

Wala usidhani ni tatizo la huku kwetu tu. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima virutubisho 19 vya reishi vilivyonunuliwa Marekani, vilivyolingana na lebo zake vilikuwa 5. Vitano kwa kumi na tisa! Sasa kama kule hali ndiyo hiyo, huku tunakouziwa kwenye pochi baada ya ibada itakuwaje.

Haya, sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza: Real Mushrooms, ya Kanada. Sijalipwa na mtu, naipenda na sifichi. Wanatumia uyoga wenyewe, nafaka hakuna, na beta-glukani wanaandika kwa asilimia kwenye kopo. Aliyeianzisha ni Skye Chilton, baba yake Jeff Chilton ndiye aliyeanzisha kampuni ya Nammex mwaka 1989, ndio wanaowauzia malighafi, na huyo mzee ndiye amepiga kelele miaka na miaka kwamba wenzake wanauza nafaka kwa jina la uyoga. Uyoga wao unalimwa China na wanasema wazi, mi hilo sioni ubaya, China ndiko wanakoujua. Unga wao umeshachemshwa na kukaushwa, kwa hiyo unakoroga tu kwenye maji ya moto kama kahawa. Mama alivyoonja mara ya kwanza akatema, akasema "hii sasa ni dawa." Nikapima na iodini, ikabaki kahawia. Shida ni kuipata, mi naagizia kwa mdogo wangu yuko Toronto, mpaka apatikane mtu anayekuja na begi lina nafasi, mara ya mwisho nilisubiri miezi miwili. Na bei imechangamka, siwadanganyi. Ila nikigawa bei kwa uyoga uliomo, lile kopo la kwanza ndilo lililokuwa ghali.

Ya pili: vipande vikavu vya reishi. Kama huna mtu wa kukuletea, nenda kwenye maduka ya vyakula vya Kichina, wanauza uyoga umekatwa vipande virefu, juu pekundu panang'aa kama pamepakwa vanishi, ndani rangi ya mti. Hapa mtu hawezi kukuwekea mchele, unaona kwa macho yako. Vunja kipande ukitafune, uchungu uje. Kikiwa chepesi kama boksi, kina vumbi na kimetobolewa na wadudu, acha. Kazi iko kwenye kupika, reishi ni ngumu kama ubao, ukiiweka kwenye kikombe ukamwagia maji ya chupa ya chai utakunywa maji ya rangi. Mi naweka gramu 8 hivi, ni vipande vitatu vinne, lita moja na nusu ya maji, kikichemka napunguza moto kinatokota taratibu saa moja na nusu mpaka mbili, maji yanabaki kama nusu. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinasema gramu 6 mpaka 12 kwa siku kwa hiyo usijaze sufuria ukidhani utapona haraka. Vipande hivyo hivyo nachemsha tena kesho yake. Tangawizi na mdalasini weka dakika kumi za mwisho, asali wakati wa kunywa. Nawaonya wenye majiko ya gesi, pikeni nyingi kwa mara moja muweke kwenye friji, vinginevyo mtungi utaisha. Mi sasa natumia mkaa, nabandika nikishaepua maharage.

Ya tatu: uyoga wa simba, ule mweupe wenye manyoya, lion's mane. Huu hauna uchungu kwa hiyo ulimi hautakusaidia, tegemea lebo na iodini. Nauweka kwa sababu moja, Japani mwaka 2009 walichapisha jaribio la watu 30 wa miaka 50 mpaka 80 walioanza kusahau kidogo, wakapewa gramu 3 kwa siku za uyoga wenyewe wiki 16, alama za kumbukumbu zikapanda kuliko waliopewa vidonge hewa visivyo na dawa, walivyoacha zikashuka. Watu 30 ni wachache, najua, ila angalau walipimwa.

Ya nne: chaga. Ni lile bonge jeusi kama mkaa linalotoka kwenye miti ya baridi ya Urusi na Kanada. Chai yake ni nzuri, rangi kama kahawa, haina uchungu mkali. Lakini ina oksaleti nyingi sana, kitu kile kile kilichomo kwenye mchicha, na kuna mama wa miaka 72 Japani alikunywa vijiko vinne mpaka vitano vya unga wake kila siku miezi sita, figo zikaharibika akaishia kusafishwa damu, kesi yake imechapishwa 2014. Mwenye shida ya figo asiguse kabisa. Mi kwa mama sikupeleka.

Kahawa za uyoga za pakiti. Soma kilichoandikwa cha kwanza kwenye viungo. Kama ni sukari au krimu ndio umenunua hiyo. Majani ya chai ya uyoga ya bei poa ya vifuko, pita.

Na wale wanaochuma uyoga mgumu kwenye miembe na minazi wanauza barabarani wakiuita reishi, hapana. Reishi ni wa jamii ya ganoderma, na hiyo jamii ina ndugu wengi sana, kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma. Bei ya kopo nimesamehe. Yule dada alimwambia mama yangu, mi sipo, kwamba akishaanza huu uyoga apunguze vidonge vya presha "ili visipigane." Mama akapunguza. Akaacha kabisa. Nilivyompeleka kliniki presha ilikuwa 180 kwa 110, nesi akamuuliza mama dawa zako uko nazo, mama akaniangalia mimi. Wanaouza hivi vitu wanapata kamisheni, juu yao kuna mwingine anapata, juu yake mwingine, kila wiki semina, kila mtu anashuhudia jirani yake alivyopona saratani. Hakuna hata mmoja atakayekuja wodini.

Niwaambie na ninachokijua kuhusu kupona. Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, walikusanya majaribio matano ya reishi kwa wenye kisukari aina ya pili, watu 398 jumla, wakaangalia sukari, presha na mafuta, wakasema ushahidi hauungi mkono kuitumia kwa hayo. Kwa saratani pia walishapitia, wakasema haijathibitika kuwa tiba ya kutegemea, labda isaidie pembeni ya matibabu ya hospitali. Na reishi inaweza kuongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda, ya dawa za presha na sukari pia, kwa hiyo anayemeza hizo dawa amwambie daktari kwanza. Mbona basi bado nainunua? Kwa sababu mama anasema akinywa kikombe jioni analala vizuri, na daktari wake anajua, na vidonge vyake anameza kila siku saa mbili usiku mimi namkumbusha kwa simu.

Yule dada nilimtumia picha ya kisahani cheusi. Alijibu kwamba mwili wa mama ulikuwa unatoa sumu ndio maana presha ilipanda, akaniuliza kama nataka kuongeza kopo la pili kuna ofa. Hela sijarudishiwa.

Wenye makopo ya namna hii nyumbani pigeni picha pale nyuma kwenye viungo, siyo mbele, mnitumie nitawasomea.