Homa ya mafua: kusubiri chanjo au kuandaa kaya mapema?

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga la homa ya mafua ya H1N1 tarehe 11 Juni 2009, chanjo yake haikuwa tayari. Ilianza kutumika miezi kadhaa baadaye, na nchi tajiri ndizo zilizotangulia kuipata.

Chanjo humkinga mtu kabla hajakutana na virusi, nayo ni msaada mkubwa kwa wazee, wajawazito na wenye pumu au kisukari. Hata hivyo, virusi vya mafua hubadilika, chanjo huhitaji jokofu, na kijiji hakina kauli juu ya siku itakapoletwa.

Maandalizi ya kaya yanaweza kuanza leo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba haishii kuhimiza watu wanawe mikono. Yeye na mama mwenye nyumba hutoboa dumu la lita 5, hulifunga kamba ya kukanyagia, huning'iniza sabuni kando, na kibuyu chirizi huwa tayari kabla hajaaga. Papo hapo hukubaliana mgonjwa atalala wapi, dirisha lipi litaachwa wazi, na nani atamwangalia bibi, kwa maana kunawa peke yake hakuzuii mafua yanayosambaa kwa hewa, na jambo hili lazima lisemwe bayana.

Iwapo fedha za kata zingetosha jambo moja tu, ningeanza na wahudumu hao, kwa kuwa chanjo ikifika, wao ndio watakaojua ni nyumba ipi yenye mzee asiyeweza kutembea hadi zahanati.