Bima yenye HSA kazini (Marekani): mimi nahamia, ila usikimbilie kabla ya hesabu

Msimu wa kuchagua bima umefika tena na wengi tunabofya ile ile ya mwaka jana maana yale makaratasi yanachosha jamani. Safari hii nimekaa na kalkuleta nikalinganisha PPO niliyonayo (bima ya kawaida ya kazini) na ile yenye HSA, yaani bima unayojilipia zaidi mwanzoni lakini inakuja na akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, na 2026 nahama. Niko Texas, mume na watoto wawili.

PPO inanikata dola 210 kila mshahara wa wiki mbili, ya HSA dola 120. Hiyo 90 zidisha mara mishahara 26 unapata 2,340, alafu mwajiri anatumbukiza 1,000 yake kwenye akaunti, jumla 3,340. Sasa PPO najilipia 1,000 ndio bima ianze kuchangia, huku ni 4,000 kwa familia nzima, kwa hiyo hata tukiumwa kweli kweli ile tofauti ya 3,000 ishajilipa. Tusipoumwa hela ni yangu, haifutiki mwisho wa mwaka kama FSA (ile akaunti nyingine ya matibabu ya kazini) inavyoweza kukufanyia, na ukiacha kazi unaondoka nayo.

Kwenye kodi ndio patamu, ikikatwa moja kwa moja kazini hata ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na bima ya wazee) haiigusi. Kiwango cha juu cha kuweka kwa mwaka 2026 ni 4,400 kwa mtu mmoja na 8,750 kwa familia, na ya mwajiri inahesabiwa humo humo. Mlioko California na New Jersey jimbo linawatoza kodi yake kama kawaida, poleni.

Shida ni Januari. Akaunti bado tupu na bima haijaanza kulipa chochote zaidi ya chekapu ya mwaka na chanjo. Mwanangu ana pumu, kwenye PPO inhela naacha kopei (mchango wangu uliopangwa) ya dola 40 pale kaunta naondoka, kwenye hii ya HSA dada wa famasi akiskani inaweza kutokea bei yote, mia mbili na ushee, na mwezi unaofuata tena. Ndio maana nilipiga simu kwa bima kabla sijasaini chochote. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, tangu 2019 imeruhusu mipango hii ilipie baadhi ya dawa za pumu, presha na sukari kuanzia siku ya kwanza, ila kuruhusu sio kulazimisha, wengine wanazo na wengine hawana. Wetu wanayo inhela yetu kwenye orodha. Wasingekuwa nayo nisingehama, tusidanganyane.

Kitu ambacho HR hatakwambia maana hata hajui maisha yetu: hela ya HSA huwezi kumlipia mama hospitali nyumbani. Mzazi anayeishi Tanzania au Kenya, kama si raia wa Marekani, kwa sheria ya kodi hahesabiki kuwa tegemezi wako hata kama unamlisha wewe miaka yote. Ukiichomoa kwa ajili yake kabla hujafika 65 unalipa kodi ya mapato na faini ya asilimia 20 juu yake. Wewe mwenyewe ukiugua likizo Dar ukatibiwa hiyo sawa, tunza risiti tu. Kwa hiyo kama unajua simu za usiku kutoka nyumbani ndizo zinazomaliza akiba yako, na ikitokea bili ya 4,000 huna pa kuitoa, baki na PPO yako wala usione aibu, hii inamfaa mwenye kahela kidogo pembeni.

Na kama mume au mke wako ana FSA ya kawaida kazini kwake mmalizane kwanza, maana ikiwepo hiyo wewe huruhusiwi kuweka hata senti kwenye HSA, labda yake iwe ile ya meno na macho tu.