Ukungu wa Grand Canyon: chujio au gesi ya alama?

Kuna njia mbili za kumtafuta anayechafua hewa, na kuleta ukungu wa moshi na vumbi, katika hifadhi kama Grand Canyon, Marekani.

Ya kwanza ni machujio. IMPROVE, mtandao wa vituo vya kupima hewa ya hifadhi za Marekani, hunyonya hewa kwa saa 24, kila siku ya tatu, kisha maabara husoma kilichonasa. Potasiamu nyingi huashiria moshi wa kuni na mioto ya msituni. Silikoni na alumini, vumbi la ardhini. Seleniamu, makaa ya mawe. Ni kazi ya miaka na miaka, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ila chujio litakwambia "makaa", halitakwambia ya nani. Salfeti, chembe zinazotokana na salfa ya moshi, haina jina la mwenyewe.

Ya pili, gesi ya alama inayotiwa makusudi kwenye moshi, humtaja mhusika. Mwanzoni mwa 1987, katika utafiti wa WHITEX, methani nzito isiyopatikana kwa kawaida hewani iliachiliwa kwenye bomba la moshi la mtambo wa umeme wa makaa wa Navajo, karibu na mji wa Page, kisha ikatafutwa hifadhini. Ikaonekana. Ubishi ukahamia kwenye kiasi, maana gesi hiyo husafiri tu, ilhali salfa huendelea kubadilika njiani kuwa salfeti. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikubali kwamba mtambo ulichangia ukungu nyakati fulani, likakataa kwamba sehemu yake ilikuwa imepimika. Hata hivyo, mwaka 1991 yalifikiwa makubaliano ya kupunguza salfa ya mtambo huo kwa asilimia 90.

Kwa ulinzi wa kila siku, chujio. Kwa kesi, gesi, lakini isiende peke yake.