Madam wa Stadi za Mawasiliano, Tanga: nani kasema hafundishi?

Anayesema madam hafundishi atuambie kwanza alikaa mapindi mangapi mpaka mwisho. Maneno yameanza tena muhula huu, na ni yaleyale: hana madesa (zile notisi za kukariri), anauliza swali kisha ananyamaza, anawatoa watu darasani wakazurure soko la Mgandini. Ni kweli hana madesa, na ni kweli ananyamaza. Kuzurura ndiko nakataa, na nitaeleza.

Nimesoma kwake Stadi za Mawasiliano hapa Tanga. Ukinilazimisha kutoa nyota nitatoa nne. Moja naibakiza kwa sababu karatasi za majaribio anachelewa kuzirudisha, na kwa sababu aliyezoea kukariri usiku wa kuamkia mtihani hatapata cha kukariri.

Nianze na huo ukimya, maana ndio uliomponza. Madam hatangulizi jina. Walimu wengi husema "Fulani, tuambie", na hapohapo darasa zima lililobaki linapumzika. Yeye huuliza swali moja fupi, halafu anahesabu moyoni mpaka nne au tano huku macho yakipita safu zote, ndipo anataja jina. Mtu akishajibu, ananyamaza tena. Huo ukimya wa pili ndio wenye mali, kwa sababu jibu la kwanza huwa la juujuu. Ukiachiwa nafasi unajikuta unaongeza sababu mwenyewe. Jambo hili limepimwa. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokaa bila kujibu wakapungua. Ukitaka kujaribu, utaharibia hapa: sekunde ya pili ikifika unaona aibu, unatupa swali jingine juu ya lile la kwanza, na anayejibu hajui ashike lipi. Au unamkazia macho yuleyule anayejibu kila siku, na wengine wanaacha kufikiri.

Sasa, muhula mmoja wa nyuma, mkubwa fulani wa ofisi alisimama mlangoni katikati ya ukimya wa namna hiyo. Hodi hakupiga. Akasema mbele ya darasa zima: "Madam, unalipwa kwa kunyamaza?" Tanga hii mtu hapiti hata barazani kwa watu bila hodi! Madam alimwacha amalize, akahesabu kama kawaida yake, kisha akasema: "Umesema kwamba mwalimu akinyamaza hafanyi kazi. Nimekuelewa sawasawa?" Yule bwana akasonya, akaondoka. Kuanzia hapo neno "hajiandai" likaanza kutembea, mpaka kwa watu ambao hawajawahi kumwona akifundisha.

Lile jibu wengine walilisikia kama jeuri. Halikuwa jeuri. Ni zoezi linalofanywa kwake karibu kila wiki, na asili yake ni kanuni aliyoieleza mwanasaikolojia Carl Rogers miaka ya 1950: usitoe hoja yako mpaka uirudie ya mwenzako na yeye akubali kuwa umeirudia sawa. Mnakaa watatu: msemaji, msikilizaji na shahidi. Msemaji ana dakika mbili. Msikilizaji anarudia kwa maneno yake. Shahidi anaandika kila neno lililoongezwa na kila lililoachwa. Msemaji asiposema "ndivyo", mnarudia. Mfano mmoja uliotugombanisha: mpangaji wa Makorora anasema, "Umeme wa LUKU unaisha upesi tangu jirani alete friji." Karibu kila msikilizaji hurudia, "Unasema jirani anakumalizia umeme." Hapana! Hakusema hivyo. Alisema mambo mawili yamefuatana. Lawama umeileta wewe. Urudiaji unaokubalika ni huu: "Unaona umeme unaisha upesi kuliko zamani, na ulianza kuliona hilo friji ilipofika." Sasa mpangaji na jirani wanaweza kwenda kusoma mita pamoja badala ya kununiana. Dalili ya kosa hili ni maneno "yaani unataka kusema". Ukiyasikia mdomoni mwako, jua kinachofuata ni chako, si cha mwenzako. Kurudia neno kwa neno nako hakuhesabiwi, kwa sababu hakuonyeshi kuwa umeelewa.

Zoezi la kuchora mkiwa mmepeana migongo nalipitia haraka, wengi wanalijua. Mmoja anaeleza mchoro wa miraba sita, mwingine anachora bila kuuliza. Raundi ya pili maswali yanaruhusiwa. Kinachoua ni "hapo", "hivi" na "juu". "Juu" ni juu ya karatasi au juu ya mraba uliotangulia? Taja kwanza umbo zima likoje, kisha mahali pa kuanzia, kisha ukubwa kwa vidole, ndipo uingie kipande kimojakimoja.

Haya, Mgandini. Anayeita kule kuzurura hajaiona karatasi tunayoenda nayo. Ina safu tatu: nani kasema, kasema nini, na nini kimebadilika baada ya kusema. Unakaa mbali kidogo na muuza nazi au dagaa, unajaza. Hairuhusiwi kuandika "amekasirika" wala "anajiamini". Unaandika kilichosikika na kilichotendeka. Bei ilishuka baada ya neno gani? Mteja aliondoka salamu ikiwa imeisha au imekatwa? Ukirudi darasani na karatasi hiyo unagundua salamu ndefu za huku kwetu zina kazi: kabla ya bei kutajwa, kila mmoja ameshajua mwenzake ana haraka au hana.

Na hapo ndipo anapokataa kufundisha ile "asilimia 93 ya mawasiliano si maneno", ambayo imejaa kwenye madesa ya watu wengine. Wanafunzi walimnunia kwa hili, wakidai anawanyima alama. Ukweli ni kwamba tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967 zilihusu neno mojamoja likisemwa kwa sauti tofauti, pamoja na picha za nyuso, ili kuona watu wanatambuaje kama msemaji anapenda au hapendi. Mehrabian mwenyewe amesema hesabu ile ni ya hisia na mielekeo tu, si ya mazungumzo yote. Ingekuwa ya mawasiliano yote, barua isingefaa kitu. Mtihani ukikuuliza, taja jina lake, mwaka, na mpaka wa utafiti. Usiandike asilimia peke yake. Mchoro wa Claude Shannon wa 1948, ule wa ujumbe kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, nao anauleta wiki za mwisho tu, akisema wazi kwamba ulitoka kwenye uhandisi wa mawasiliano ya simu, na kwamba Shannon mwenyewe aliiweka kando maana ya ujumbe.

Barua ya kazi: anafuta "husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu" kwa kalamu nyekundu, kila mara. Sentensi ya kwanza itaje unaomba nafasi gani, uliona tangazo wapi na lini, na sifa moja waliyoitaka uliyonayo. Kisha soma kwa sauti. Ukivuta pumzi mara mbili ndani ya sentensi moja, ikate.

Nimezisoma tena nyota nne zangu na naona nimemdhulumu. Hayo madesa ninayomlaumu kwa kukosa, yangekuwa na nini? Asilimia 93? Namrudishia ya tano. Na ofisi ikitaka kumpima, iingie ndani, ikae pindi zima, ishike karatasi ya shahidi kama sisi.

Ila majaribio, madam, tunakuomba yarudi mapema. Yale unayoandika pembeni yanatufaa kabla ya jaribio linalofuata.