Lenzi ya kununua kwa ndege wa mlango wa Sabaki

Kaskazi ikianza kuvuma, watu wa hapa Malindi huniuliza: ninunue kamera gani nikapige picha za ndege kule Sabaki, mto unapoingia baharini? Mimi huanza kwa kuwaeleza habari za maji. Nenda siku za bamvua, fika saa mbili kabla maji hayajajaa, keti mchangani utulie. Bahari ikipanda huwasukuma chamchanga, sululu na wale wala kaa weupe wenye mgongo mweusi mpaka karibu na miguu yako. Kwa hiyo nunua lenzi utakayoweza kuibeba topeni na kuishika kwa mkono bila kutetemeka.

1. Lenzi ya 100-400 mm (namba ikiwa kubwa, ndege huonekana karibu zaidi), na bodi iliyotumika, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya aina yenye sehemu ndogo ya kupokea mwanga (APS-C). Ya Sigma ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na kwenye bodi kama hiyo ya Canon inakuvutia ndege kama lenzi ya 640 mm. Hii ndiyo yangu. Nayo nilimpata mla kaa amemng'ata kaa, akimtikisa hadi mguu mmoja ukachomoka. Tone la maji lilikuwa bado linaning'inia kwenye ncha ya ule mdomo mnene. Weka kasi ya shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi.

2. Lenzi ya 150-600 mm, ya Sigma (aina ya Contemporary) au Tamron. Ina nguvu kuliko ya kwanza, lakini inakaribia kilo 2, na bega litakwambia. Tena jua likishapanda, mazigazi huchezacheza juu ya mchanga na ndege wa mbali huwa kama uji, hata lenzi iwe ndefu vipi. Inafaa zaidi Mida Creek, ile hori ya karibu na Watamu, kwenye daraja la mbao la mikokoni, unapoweza kuiegemeza.

3. Nikon Coolpix P950. Kilo 1, lenzi haitoki, inavuta hadi sawa na 2000 mm. Kwa anayetaka kumtambua ndege na kuweka kumbukumbu, inatosha kabisa. Ila sehemu yake inayopokea mwanga haizidi ukucha wa kidole cha mwisho, hivyo picha za alfajiri hujaa chengachenga.

4. Lenzi ya 70-300 mm. Rahisi na nyepesi. Yangeyange na kundi la heroe watatoka vizuri. Chamchanga atakuwa nukta.

Vile vilenzi vya kubana kwenye simu, viache dukani.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya kumulika. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na unyevu wa pwani utailisha. Niliwahi kutumiwa lenzi kwa basi bila kuimulika, na baada ya miezi miwili kila picha ilikuwa na ukungu. Sasa lenzi yangu naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukirudi, ifute chumvi siku hiyo hiyo.

Ndege hawa wengi wametoka hadi Siberia, na kufikia Aprili lazima wawe wamenenepa kwa safari ya kurudi. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja, umewasogelea mno. Rudi nyuma taratibu. Na kabla hujashuka ukingoni, waulize wavuvi viboko wako wapi siku hiyo.