TAHADHARI: Wauza vito wanaotaka "kutumia" msamaha wako wa ushuru

Kama unakwenda India au Thailand, au una ndugu anayekwenda huko kutembea, soma hii kabla hajapanda ndege. Kuna wauza vito wanaonenepa kwa sababu moja: wasafiri wengi hawajui msamaha wa ushuru wa abiria, yaani vitu msafiri anavyoruhusiwa kuingiza nchini bila kulipa ushuru, unavyofanya kazi. Kito ni kisingizio tu. Kinachomtoa mtu fedha ni uongo kuhusu forodha.

Jaipur, Agra na Goa, huko India, ni miongoni mwa sehemu ambako mchezo huu umezoeleka. Anakuja kijana mchangamfu, anakukaribisha chai, anakutembeza mjini, na siku mbili tatu zinapita bila kukuomba hata senti. Kisha anakupeleka kwa "mjomba" wake sonara. Mjomba anakueleza kwamba yeye akisafirisha vito kibiashara anakamuliwa ushuru, lakini kila mtalii ana haki ya kutoka na vito vya maelfu ya dola bila kulipa kitu, na wewe haki yako imekaa bure. Basi vitumwe kwa posta kwa jina lako, uvipokee nchi unayoelekea, umkabidhi mshirika wake, nawe upate kamisheni nono. Mnakwenda posta pamoja, fomu unajaza mwenyewe, kifurushi kinafungwa mbele ya macho yako. Hapo ndipo linapoingia neno "dhamana": kadi yako itozwe thamani ya vito, eti malipo hayatapelekwa benki mpaka mzigo ufike.

Baada ya siku chache simu inaita. Anayejiita afisa wa forodha anasema kifurushi kimezuiwa, unashukiwa magendo, na njia pekee ya kujiokoa ni kuthibitisha kwamba vito ni vyako kwa kuvilipia. Ukiogopa ukalipa, kwisha habari. Mshirika wa kupokea mzigo hayupo, na ndani ya kifurushi mna vioo au mawe yasiyo na thamani.

Sasa tuangalie sheria yenyewe, maana ukiielewa, hadithi ya mjomba haisimami.

Msamaha wa ushuru hutolewa na nchi unayoingia, si nchi unayotoka. Hakuna afisa wa India anayeweza kukugawia haki ya kuingiza kitu Ufaransa. Pia ni wa vitu unavyoingia navyo mwenyewe, kwa matumizi yako au zawadi. Bidhaa ya kuuzwa haimo, hata ikiwa ndogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Kifurushi cha posta nacho kina taratibu zake, hakihesabiwi kwenye mzigo wa abiria. Kwa hiyo mpango wa mjomba unavunja masharti yote kwa mpigo, na jina lililo kwenye fomu ni lako.

Halafu tazama viwango. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege au meli akitoka nje ya umoja huo anasamehewa vitu vya thamani ya yuro 430, ukiacha pombe na tumbaku zenye viwango vyake. Kwa njia ya nchi kavu ni yuro 300. Uingereza ni pauni 390. Marekani, mkazi anayerudi nyumbani kwa kawaida hupewa dola 800, lakini mgeni anayekwenda kutembea ana dola 100 tu za zawadi, tena akikaa angalau saa 72. Australia ni dola 900 za huko kwa mtu mzima. Hayo "maelfu ya dola" ya mjomba yametoka wapi?

Wala usidhani kitu kimoja kinaweza kugawanywa. Ukiingia Umoja wa Ulaya na pete ya yuro 600, kodi inahesabiwa kwenye yuro 600 zote, si kwenye 170 zilizozidi. Mume na mke hawawezi kuigawana pete hiyo nusu kwa nusu. Uingereza vilevile: ukivuka kiwango, unalipia thamani yote.

Kuna jambo linalokera zaidi, na wachache wanalifahamu. Rubi, yakuti na zumaridi zilizokatwa lakini hazijafungwa kwenye pambo zina ushuru wa forodha wa asilimia sifuri kuingia Umoja wa Ulaya. Kinachodaiwa ni VAT. Mfanyabiashara halali hana sababu ya kumtafuta mtalii amfichie mzigo. Angeajiri wakala wa forodha na kumaliza kazi siku hiyohiyo.

Bangkok, Thailand, mchezo ni ule ule, ila nguo ni nyingine. Dereva wa bajaji anakwambia hekalu unalokwenda leo limefungwa, anakuzungusha kwa nauli ya kutupa, mwisho anakushusha dukani ambako eti serikali imeondoa kodi na leo ndiyo siku ya mwisho. Njiani unakutana "kwa bahati" na bwana nadhifu anayesifu duka hilohilo na kusema huuza vito hivyo kwao kwa faida maradufu. Huko mara nyingi unapewa mawe halisi, ila ya daraja la chini kwa bei ya daraja la juu. Ndiyo maana kuthibitisha utapeli ni kazi ngumu: kito ni cha kweli, bei ndiyo ya wizi.

Usishawishike na majaribio ya dukani, ya kuwasha kiberiti chini ya jiwe au kukwaruza kioo. Rubi ya kiwandani ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs sawasawa na ya mgodini, na inafaulu yote mawili. Wapo pia wanaojaza nyufa za rubi mbovu kwa kioo chenye madini ya risasi. Kwa macho matupu inang'aa vizuri tu. Jibu la uhakika linatoka maabara huru ya kupima vito kama ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, si kwenye cheti kilichochapwa nyuma ya kaunta.

Muuzaji akikupa risiti ya bei pungufu "ikusaidie forodhani", ikatae. Ukiionyesha kwa afisa umetoa taarifa ya uongo na mzigo unaweza kutaifishwa. Siku ukitaka kudai fedha zako, risiti hiyohiyo inasema ulilipa kidogo. Na kupita mlango wa kijani, ule wa abiria wasio na cha kutangaza forodhani, ukiwa na kitu kinachozidi kiwango ni kosa tosha, hata usipoulizwa neno.

Kama kadi imeshatozwa, usingoje kurudi nyumbani. Piga benki mara moja, waambie malipo yalichukuliwa kwa udanganyifu na uombe kufungua pingamizi. Benki hukataa kirahisi pale mwenye kadi aliposaini au kuweka namba ya siri mwenyewe, kwa hiyo ushahidi ni muhimu. Tunza risiti, nakala ya fomu ya posta, meseji, namba za simu na picha ya duka. Thailand, polisi wa watalii wanapatikana kwa namba 1155. India, namba ya msaada kwa watalii ni 1363. Simu ya "afisa" ikija tena, omba namba ya kumbukumbu, kata, kisha tafuta mwenyewe mawasiliano rasmi ya forodha. Forodha haikusanyi ushuru kwa kutuma fedha kwa jina la mtu binafsi, wala kupitia duka lililokuuzia.

Na wakijitokeza watu wanaodai watakurudishia fedha zako ukitanguliza ada, usiwape chochote. Orodha za waliokwisha kutapeliwa huuzwa, na wanaopiga wanaweza kuwa walewale.